Mkono wa amana

Bibi yangu mzaa baba alipofariki, kasha lake lilifunguliwa siku ya nne, nyumbani kwake Malindi, Unguja. Ufunguo alikuwa nao ami yangu mkubwa. Ndani mlikuwa na doti za kanga ambazo hazijakatwa, hati ya nyumba, kopo la udi, na kwenye ile droo ya siri ambayo makasha ya zamani huwa nayo, fundo la kanga iliyochakaa. Ami akalifungua juu ya mkeka. Ukatoka mkufu wa dhahabu, bangili nne na pete moja yenye jiwe jekundu.

Shangazi zangu wawili walisema papo hapo kwamba ule mkufu wanaujua. Mmoja alikuwa na hakika kamwona bibi kauvaa harusini. Simlaumu, alisema alichokiamini. Sheikh aliyekuja kutupangia mirathi alikuwa ameshauliza warithi ni wangapi, wanaume wangapi na wanawake wangapi. Kama ndani ya kasha msingekuwa na kitu kingine, ile dhahabu ingegawanywa kwa hesabu sahihi kabisa, na kila mrithi angekwenda zake na fungu lake, moyo mweupe.

Kilichotuzuia ni daftari. Bibi hakusoma skuli ya serikali. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono wa chuoni, na daftari lake la jalada gumu lilikuwa chini ya hati ya nyumba. Ami alilisoma kwa kukwamakwama kwa sababu wino ulikuwa umefifia: mkufu mmoja, bangili nne, pete moja, vya fulani aliyesafiri Maskati, kaniwekea mwenyewe kwa mkono wake, si vyangu. Chini yake tarehe ya Hijria. Nilipiga hesabu baadaye: miaka kumi na tisa.

Watu wa pwani tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nikiusikia msemo huo tangu utotoni nikidhani unawahusu wenye maduka.

Mimi naandika programu za kompyuta, Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yangu iko pale ambapo lugha mbili zinakutana. Upande mmoja iko C, iliyotengenezwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndani ya C, kipande cha kumbukumbu ulichokiomba ni juu yako kukirudisha. Ukisahau, kinabaki kimekaliwa mpaka programu izimwe. Ukikirudisha mara mbili, umeharibu kitu ambacho pengine kimeshapewa mwingine. Upande wa pili iko OCaml, iliyotoka INRIA, Ufaransa, mwaka 1996. Hiyo ni ya ukoo mwingine, ukoo ulioanzia kwa Lisp ya John McCarthy, ambaye katika makala yake ya 1960 alieleza namna mashine yenyewe inavyoweza kuzipitia nafasi za kumbukumbu na kuzichukua zisizotumika.

Huyo mpitaji wataalamu wamemwita mkusanya taka. Jina hilo silipendi. Taka ni kitu kilichooza au kuvunjika, na vitu anavyovichukua huyu ni vizima kabisa, ila hakuna anayevidai. Anaanza na wale anaowajua, anatazama kila mmoja ameshika nini, na kile kilichoshikwa nacho kimeshika nini, hivyo hivyo mpaka mwisho. Asichokifikia kwa njia hiyo huhesabika hakina mwenyewe. Ndivyo wanavyofanya warithi walioketi juu ya mkeka. Nitamwita mfagiaji, maana sijapata jina bora.

Mfagiaji wa OCaml ana tabia ya ziada: anahamisha. Vitu vidogo vipya huzaliwa kwenye uwanja mdogo, kwa kawaida wa megabaiti 2 kwenye mashine za biti 64. Uwanja ukijaa, vilivyo hai hupelekwa nyumba kubwa, kisha uwanja mzima huhesabiwa mtupu na kutumika upya. Upande wa OCaml hakuna anayeona mabadiliko, kwa kuwa mfagiaji humpa anwani mpya kila anayemjua. Upande wa C hamjui mtu, mpaka mtu huyo ajitambulishe.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu maandishi haya yasingekuwepo bila kosa hilo.

Kampuni iliyoniajiri wakati huo ilikuwa ikipima malori. Mizani ilikuja kutoka kiwandani na programu yake iliyoandikwa kwa C, na mimi nilitakiwa kuiunganisha na mfumo wetu ulioandikwa kwa OCaml. Fanksheni niliyoandika ilikuwa na mistari kama ishirini. Iliomba jozi tupu yenye nafasi mbili, ikaiweka kwenye kigeu cha C. Ikasoma namba ya gari kutoka kwenye mizani, ikaomba nafasi nyingine ya kuandikia namba hiyo. Ikatia namba kwenye nafasi ya kwanza ya jozi, ikatia uzito kwenye nafasi ya pili, ikarudisha jozi. Mtu akiisoma haraka haoni kasoro, na mimi niliisoma haraka.

Kasoro iko kwenye ombi la pili. Kila unapoomba nafasi, unampa mfagiaji ruhusa ya kupita. Akipita wakati huo, anauliza: hii jozi nani kaishika? Mimi nimeishika, iko kwenye kigeu changu, lakini kigeu hicho ni cha C na jina langu halimo kwenye orodha yake. Anaiacha jozi uwanjani, anatangaza uwanja mtupu, anaondoka. Mimi nabaki na anwani ya mahali ambapo dakika hiyo hiyo wanakuja wapangaji wengine. Natia namba ya gari, natia uzito, narudisha jozi kwa furaha, na kumbe nimemkabidhi mwenzangu ufunguo wa nyumba iliyokwisha kupangishwa.

Uwanja wa megabaiti 2 si lazima ujae katikati ya mistari miwili maalumu. Ofisini niliipima fanksheni mara elfu na haikukosea hata mara moja. Kwenye geti la mizani, siku ya msongamano, ilitoka karatasi yenye namba ya lori la unga na uzito wa lori la mchanga. Dereva wa lori la unga, mtu mzima, alizuiwa tangu asubuhi mpaka baada ya alasiri akituhumiwa kuzidisha mzigo. Nilipofika aliniambia, "Dada yangu, mimi sijaongeza hata kiroba kimoja." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na alikuwa akinitazama kama mtu anayeweza kumsaidia, wakati mimi ndiye niliyemfikisha pale.

Ilinichukua siku tisa kulipata kosa. Nililipata nilipompunguzia mfagiaji uwanja. OCaml hukubali kuelezwa ukubwa wa uwanja wakati programu inawashwa, nami nikaushusha mpaka nafasi 4,096 tu ili ujae kila mara. Kosa lililojificha wiki saba likaonekana kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe.

Dawa yake ni maneno matatu ambayo watu wa OCaml wanayajua kama vile sisi tunavyojua adabu za kuingia nyumba ya mtu. Fanksheni ya C ikianza, husema CAMLparam na kutaja vitu ilivyopewa. Kila kigeu kitakachoshika kitu cha OCaml hutangazwa kwa CAMLlocal. Na kutoka ni kwa CAMLreturn, kamwe haitoki kwa return ya kawaida ya C. Ni hodi, ni kusema umebeba nini, ni kuaga. Aliyeingia kwa hodi akatoka bila kuaga ameacha jina lake kwenye orodha ilhali mwenyewe hayupo, na mfagiaji atakwenda kuligusa jina hilo na kukuta shimo. Mimi sikupiga hodi wala sikuaga. Nilipita tu.

Niliisahihisha kwa dakika tano. Lililobaki halikuwa la kompyuta.

Hadithi ya nia ni ya kwanza katika mkusanyo wa Imam Bukhari na ni ya kwanza katika Arubaini ya Imam Nawawi. Kila mtoto wa chuoni anaijua: amali huhesabiwa kwa nia. Nami nia yangu ilikuwa safi. Sikutaka kumdhulumu dereva yeyote, na ile jozi nilikuwa nimeishika kweli. Mbona basi ilipotea mkononi mwangu? Na mtu akizuiwa kutwa nzima kwa sababu ya kitu nilichokishika kwa nia njema, nina dhambi, au sina kitu?

Nilipokwenda Unguja likizo nilimwendea mwalimu wangu wa zamani wa chuo, mzee ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Nikamwamkia, nikambusu mkono, nikakaa chini. Sikumweleza habari za mfagiaji. Niliuliza kwa lugha ya fikihi: "Maalim, mtu aliyewekewa amana, ikampotea bila kukusudia, ana dhambi?"

Aliniuliza, "Aliiweka wapi?"

Nikadhani hakunisikia. Nikarudia: hakukusudia, Maalim. Akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Nakuuliza aliiweka wapi. Dhahabu huwekwa kashani. Ng'ombe huwekwa zizini. Mtu akiweka dhahabu zizini, ikapotea, hatumuulizi alikusudia nini. Atalipa kwanza."

Akanieleza taratibu, kama alivyonifundisha nikiwa na miaka tisa. Dhambi ni jambo moja na dhamana ni jambo jingine. Mtu akivunja chombo cha mwenzake kwa bahati mbaya, dhambi imeondoka, lakini chombo kimevunjika na mwenyewe ana haki ya chombo chake. Kisha akanikumbusha tofauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, aliyewekewa kitu na aliyeazima kitu hawako sawa. Aliyewekewa, mkono wake ni mkono wa amana: kikipotea bila uzembe wala kuvuka mipaka, halipi, kwa sababu anamfanyia hisani mwenye mali. Aliyeazima, mkono wake ni mkono wa dhamana: kikiharibika kwa njia isiyokuwa yale matumizi aliyoruhusiwa, hulipa hata kama hakuzembea, kwa sababu alikichukua kwa faida yake.

Nilitoka pale nikijua mimi ni yupi. Msimbo wa C unaopokea kitu cha OCaml haujawekewa chochote. Umekuja kuazima, kwa haja zake, kwa muda wake. Nilikuwa nimejitetea moyoni kama mwekewa amana, kumbe mkono wangu ulikuwa wa dhamana tangu mstari wa kwanza. Na hata kama ungekuwa wa amana, nilikuwa nimeweka dhahabu zizini. Kigeu cha C kisichotangazwa si mahali pa kuweka kitu cha OCaml.

Wako wanaosema lugha zenye mfagiaji zimemwondolea mtu mzigo huu. Nimefanya kazi nao, na ni watu makini, lakini hapa siko pamoja nao. Mzigo umeondoka ndani ya lugha na kurundikana mpakani. Ukiwa ndani, mashine inakulinda. Ukiwa C tupu, kila mtu anajua hakuna wa kumlinda, kwa hiyo anatembea kwa tahadhari. Pale kati ndipo kila upande unadhani mwenzake anaangalia.

Lugha nyingine zimeuona mpaka huo kwa macho yao. Watu wa Python wanahesabu: kila kitu kina idadi ya wanaokishika, na idadi ikifika sifuri kitu kinaondoka. Maelezo yao kwa waandishi wa C yamejaa maneno ambayo mwanafunzi wa fikihi angeyatambua. Ukiomba kipengele cha orodha kwa PyList_GetItem, wanasema umepewa kwa kuazima. Kipengele bado ni cha orodha, na orodha ikikiacha wakati wewe unakitumia, nguo ya kuazima imevuliwa mwilini mwako. Ukitaka kukaa nacho, ongeza idadi kwa Py_INCREF, yaani sema waziwazi kwamba na wewe ni mshikaji. Lakini fanksheni kama PyList_SetItem, inayochukua ulichonacho kikawa cha orodha moja kwa moja, wanasema "inaiba". Neno hilo linaniuma. Pale pana ridhaa na pana taratibu iliyoandikwa. Kwetu hilo ni kukabidhi, na kuliita wizi kunamzoesha kijana anayejifunza kuona wizi kama kazi ya kawaida ya kila siku.

Lua, iliyoanza mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio huko Brazili, ilichagua njia ambayo naiheshimu kuliko zote. Meza na fanksheni zake haikupi mkononi kabisa. Vitu vinabaki kwenye rafu yake, na msimbo wa C husema tu: nipe cha tatu, weka hiki juu, ondoa kile. Ni kama kuweka dhahabu benki ukapewa risiti. Hata hivyo maandishi inakuruhusu kuyatazama kwa anwani yake halisi, kwa sharti kwamba yawe bado yapo rafuni. Hata yenye tahadhari kuliko zote imelazimika kuacha tundu la kuazimia.

Nimesema sana juu ya kuachia mapema. Kuna dhuluma ya upande wa pili, na nakiri inanitisha zaidi kwa sababu haipigi kelele. Unaweza kumwambia mfagiaji wa OCaml kwamba kitu fulani kisichukuliwe mpaka useme wewe. Unakisajili kama mzizi wa kudumu. Mwandishi aliyeumwa na kosa kama langu hugeuka mwoga na kusajili kila kitu, halafu hafuti. Programu inafanya kazi vizuri, hakuna karatasi yenye namba ya uongo, ila seva inanenepa kidogo kila siku, na vitu ambavyo wenyewe walishavimaliza vinakaa gizani, vimeshikwa na mkono uliosahau kwamba umeshika. Sura ya nne ya Qur'ani, aya ya 58, inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Nilikuwa nikiisoma kama onyo kwa wezi. Sasa naona inamsema pia mwaminifu anayelala nayo.

Na katika sira, usiku ule wa Hijra mwaka 622, watu wa Makka waliokuwa wamepanga kumuua Mtume walikuwa bado na mali zao nyumbani kwake, kwa kuwa walimjua kuwa Al-Amin. Alimwacha Ali nyuma kumrudishia kila mtu chake. Ninachokitafakari ni kwamba, ili Ali aifanye kazi hiyo, ilibidi ajulishwe kipi ni cha nani. Uaminifu wa Mtume ulikuwa ndani ya kifua chake, na bado alihakikisha haukubaki kifuani peke yake, kwa sababu yeye alikuwa anaondoka. Ndiyo maana wanazuoni wetu wanamwajibisha mtu mwenye amana za watu zisizo na shahidi aziusie kabla ya kifo. Bibi yangu aliufanya wasia huo kwa penseli na wino, ukurasa kwa ukurasa, akiwa mzima wa afya.

Hapo ndipo nimefika kuhusu nia. Nadhani nia safi huanzia moyoni lakini haiishii humo. Ikiwa najua kuna mtu atakayepita baada yangu, au wakati mimi nimegeuka, na mtu huyo hana namna ya kuuona moyo wangu, basi kumwandikia ni sehemu ya nia yenyewe. Nilipoacha kutangaza kile kigeu sikuwa na nia mbaya, lakini sikuwa na nia kamili. Nilitaka kazi iishe. Dereva nilimwomba radhi kwa simu, na mshahara wake wa siku hiyo nikaulipa kutoka mfukoni kwangu. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea.

Siku hizi, nikifungia kitu cha C ndani ya kitu cha OCaml, nakumbuka fundo. Kuna aina ya kifuko maalumu: nje ni mali ya OCaml, mfagiaji anakijua, anakihamisha, anakifuata. Ndani yake mna anwani ya kitu cha C ambacho mfagiaji hana haki nacho wala hakitazami. Kwenye kifuko unaandika fanksheni moja itakayoitwa siku kitakapokosa mshikaji, na kazi yake ni kukirudisha cha ndani kwa njia za C. Siku hiyo huichagui wewe. Programu ikizimwa kabla, pengine isifike kabisa. Kwa hiyo kama cha ndani ni kitu kizito, mlango wa mizani au faili lililofunguliwa, weka pia njia ya kukifunga kwa mkono na usimsubiri mfagiaji.

Mwenye dhahabu alikuja kutoka Maskati mwaka uliofuata, na mjukuu wake akimshika mkono. Alikuwa mzee kuliko bibi. Ami alimletea fundo vilevile lilivyokuwa, limefungwa upya. Alilifungua juu ya mapaja yake, akahesabu bangili kwa kuzigonganisha moja moja, akaivaa pete, ikamkwama kwenye kifundo cha kidole, akacheka. Dhahabu akaitia kwenye mkoba wake. Kisha akaikunjua ile kanga, akaikunja vizuri kwa pembe zake, akampa ami.

"Hii yake," alisema. "Mimi nilimpa dhahabu mkononi. Kanga katia mwenyewe."

Ami aliichukua kwa mikono miwili, akaenda kuiweka pamoja na zile doti zilizokuwa bado hazijagawanywa. Kwenye hesabu iliangukia fungu la baba yangu, na baba akanipa mimi. Pale fundo lilipokuwa, rangi yake ni nyekundu iliyokolea kama siku ilipotoka dukani.